Ufa Niliomsingizia Saidi

Leo mjukuu wangu, fundi wa ndege, ameniuliza swali moja nikakosa pa kuficha uso.

Nilikuwa namsimulia enzi za Mwingereza kule Kongwa. Mimi na Saidi tulikagua mabomba ya moshi ya ndege ndogo. Bomba likipasuka, moshi wa sumu humfikia rubani.

Kila nilipotia alama kwenye bomba kuonyesha nimelikagua, baadaye ufa ulitokea palepale!

Nikamshuku Saidi kuwa anayagonga makusudi. Nikamvizia. Sikumwona na nyundo hata siku moja, lakini nilimwambia mzungu wetu kwamba nimemwona.

(Ndiyo, nilisema uongo. Umri huu sina haja ya kuupamba.)

Saidi akafukuzwa kazi.

“Babu, alama ulitia kwa kitu gani?”

“Kwa penseli. Babu yako msomi!”

Akacheka.

“Babu, penseli haitakiwi kugusa bomba la moshi; kaboni yake huingia kwenye chuma. Likipata moto, linapasuka palepale penye mstari.”

Nikadhani ananitania. Nikamkazia macho. Hakuwa akitania.

Saidi alishafariki. Binti yake anauza mtama sokoni Majengo, na kila tukionana hunipa shikamoo.

Nimemwomba aje kesho asubuhi, maana pumzi yangu si ya kungoja wiki.

Nyinyi mngeanza na neno gani?