Galoni ya Bei Nafuu Kwenye Harusi ya Neema

Ndugu zangu, nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, nimefundisha watu kiasi na unyenyekevu, na Mungu shahidi, sikuwahi kutamani ardhi inimeze mpaka siku ile nilipoingia uwanja wa kanisa nimesimama nyuma ya pikapu, katikati ya wapiga matarumbeta, uso mweusi kama sufuria ya kuni, nimekumbatia ngoma ya mtu ili nisianguke. Ningenyamaza, lakini video imeshazunguka kwenye simu za jumuiya nzima, basi afadhali mpate maelezo kutoka kwa mkosaji mwenyewe.

Gari yangu mnaijua, ile kobe ya bluu yenye injini nyuma na buti mbele (vijana wa Bunju wanadhani nimeinunua ikiwa imegeuzwa). Ni gari ya zamani, ila ndiyo iliyomtoa Neema hospitali akiwa na umri wa siku mbili, kwa sababu baba yake alikuwa jirani na rafiki yangu na hakuwa na usafiri. Rafiki yangu alipotangulia mbele za haki, nilimwahidi yule binti kwamba siku ya ndoa yake nitampeleka madhabahuni mimi, kwa gari ile ile. Ndiyo maana wiki ya harusi nikaenda Manzese kwa fundi wangu, Shomari, kuuliza habari ya kubadilisha oili.

"Mzee wangu, hii injini ni mzee mwenzio," akaniambia, "haitaki vitu vyepesi vya kisasa. Chukua oili nzito, namba arobaini, lita mbili na nusu, basi. Tena niletee niitie mie mwenyewe."

Nikaitikia vizuri kabisa, nikavuka barabara hadi duka la vipuri la Bwana Salim. Akaniamkia, akanipangia makopo matatu ya namba arobaini, na hapo ndipo macho yangu (mtu mzima akiona bei nafuu macho hukosa adabu) yakaangukia galoni ya lita tano, yenye picha ya gari ya mashindano, inayouzwa chini ya bei ya yale makopo matatu.

"Mzee, hiyo ni nyepesi, ya magari ya siku hizi," Bwana Salim akasema kwa upole. "Kwa kobe sikushauri."

"Oili ni oili, mwanangu. Mungu akikufungulia mlango, usianze kukagua bawaba."

Akacheka, akanifungia galoni. "Haya mzee, Mungu akutangulie." (Nilidhani ananiombea dua, kumbe alikuwa ananawa mikono.)

Kurudi kwa Shomari nikaona aibu, maana angeiona ile galoni, hivyo Ijumaa mchana nikafanya kazi mwenyewe nyumbani. Nikamwaga oili ya zamani, nikatia lita mbili na nusu, nikabaki nimeshika nusu galoni na dhamiri yangu. Nikajiambia, kama ni nyepesi si itaisha haraka? Na mimi ndiye ninayewaambia watu kila mara kwamba anayetoa kwa kupima na kijiko hajatoa kwa moyo. Nikamimina yote. Kile kijiti cha kupimia kikatoka kimelowa mpaka kwenye mpini, nikasema asante Bwana, imeshiba.

Sasa mjue kwamba kanisani kwetu Jumamosi ile kulikuwa na ndoa tatu, ya Neema ikiwa ya kwanza, saa nane, na kanuni yetu ni kwamba wa saa nane akichelewa anasubiri mpaka wengine wote wamalize, yaani jioni, wageni wameshakata tamaa na chakula kimepoa. (Kanuni hiyo niliipendekeza mimi kwenye baraza la wazee, tena kwa ukali.) Magari ya ndugu tuliyatanguliza ili bibi harusi aingie mwisho kwa heshima. Tukabaki mimi, Neema na mpambe wake kwenye kobe, na nyuma yetu pikapu ya matarumbeta.

Tulitoka nyumbani kwao Madale vizuri, tarumbeta zinalia, watu wanapunga mikono, tukaanza kupanda kilima. Katikati ya kilima nikasikia tarumbeta moja imekatika, ya pili ikakatika, halafu badala ya muziki nikasikia kikohozi. Nikatazama kwenye kioo, sikuona pikapu, sikuona barabara, niliona wingu jeupe. Bodaboda akatupita amejifunika pua na fulana.

"Mzee, leo unapiga dawa ya mbu Madale yote!"

Nami nikakanyaga mafuta nikidhani itajisafisha. Gari hizi zilibuniwa kwa nchi za baridi, zina matundu ya kuleta joto la injini miguuni, na miaka yote sijawahi kuyahitaji hapa Dar es Salaam, lakini siku ile yakaamua kufanya kazi: moshi ukapanda kupitia chini ya shela la Neema kama amekalia chetezo. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Tukatoka mbio. Mama mmoja mwenye genge la nyanya akaja kutuangalia, akashika kiuno.

"Jamani, wenzenu bibi harusi wanamfukiza udi, nyie mnamfukiza oili!"

Nilifungua nyuma kutazama, oili ikanirukia usoni. Saa yangu ilisema saa nane kasoro dakika kumi na tatu. Neema akakung'uta shela lake, akanigeukia.

"Bamkubwa, tutafungiwa?"

Na kufuli lenyewe, yaani ile kanuni, lilikuwa la kwangu. Kiongozi wa matarumbeta, akiwa bado anafuta machozi ya moshi, akafungua mlango wa pikapu. "Bibi harusi na mpambe mbele. Mzee, wewe panda huku kwetu, umeshakuwa rangi ya kazi."

Shela lilijaa kule mbele mpaka dereva akawa anatafuta gia kwa kupapasa. Tuliingia kanisani tarumbeta zikilia kwa hasira, zimebaki dakika mbili. Mlangoni alisimama Mama Ndosi, mzee mwenzangu wa kanisa, na saa yake mkononi.

"Mmewahi," akasema. "Lakini wewe, Mzee Elibariki, huingii hivyo."

Neema akanishika mkono wa oili, glavu nyeupe na yote. "Anaingia hivi hivi, mama. Aliniahidi."

Tukaingia. Kila benchi tulilolipita lilinusa, likageuka, likajizuia kucheka likashindwa, hata mchungaji akajifunika mdomo kwa kitabu. Nilimfikisha. Namshukuru Mungu, nilimfikisha.

Shomari alipokwenda kuivuta kobe alipiga simu mwenyewe: "Mzee wangu, uliipa oili au uliiogesha?" Ringi za pistoni zimekufa, na bei ya kuzibadilisha ingeninunulia makopo ya namba arobaini mpaka uzeeni, kama bado sijafika. Nimeweka nadhiri: nikiambiwa lita mbili na nusu, ni mbili na nusu, tena za kopo alilosema fundi. Na hamu ya kumimina mpaka ifurike nitaipeleka kwenye kapu la sadaka, ambako hata nikizidisha hakuna atakayekohoa.