Tulimlimia Mama Yake Tangawizi

Timu yetu ya mpira wa kikapu pale Same mjini ilimalizwa na simu kuliko ilivyomalizwa na mpinzani yeyote. Kijana anakuja hajui hata kushika mpira, anaudaka kama mtu anayepokezwa sufuria ya moto. Tunamfundisha. Jua la Same linamchoma mpaka kivuli chake kinaomba maji. Siku anapoanza kufunga kwa mkono wa kushoto, simu inaita. Moshi wanamtaka. Arusha wanamtaka. Dar ndiyo usiseme, Dar wanamtaka na viatu wanamnunulia. Anatuaga kwa adabu, tunapiga naye picha, na Jumatatu tunaanza upya na mwingine wa sufuria.

Mimi nilikuwa katibu wa timu. Cheo hicho nilipewa kwa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilichokihangaikia shule ya jioni nikiwa tayari na mke na watoto, nikisinzia kwenye hesabu na kuamka kwenye historia. Pili, mimi ni fundi wa kuchomelea, na ringi za uwanja wetu ni kazi ya mikono yangu. Moja imeinama kidogo. Wageni walilalamika, sisi tulishaizoea.

Mshahara wetu ulikuwa soda, na siku ya ushindi makande ya mke wangu. Zaidi ya hapo hatukuwa na kitu. Watani zetu Wachaga husema Mpare akikupa mbuzi, kagua kama kamba hajaishikilia upande wa pili. Nilikuwa nacheka sana nikisikia hivyo.

Kisha akaja yule kijana kutoka Mamba, huko milimani. Alishuka mjini kuendesha bodaboda, na alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye pikipiki magoti yake yanasalimiana na masikio. Akiruka kudaka mpira, ungeweza kwenda dukani kununua chumvi, ukasubiri chenji, ukarudi ukamkuta bado hajatua. Naongeza kidogo, lakini si sana. Watu waliokuwa hawajui hata idadi ya wachezaji walianza kuja uwanjani na viti vyao kutoka nyumbani. Mama wauza mboga walifunga meza mapema. Kwa mara ya kwanza Same ilikuwa na kitu ambacho Moshi hawana.

Shida yake ilikuwa moja. Mama yake alikuwa mjane, na huko juu alikuwa na shamba la tangawizi kwenye mteremko mkali ambao hata kuku huupanda kwa kufikiria. Ijumaa nyingi kijana alipanda mlimani kumsaidia na kulala huko, na mechi zetu zilikuwa Jumamosi. Tukawa na nyota anayeonekana nusu ya mwezi. Na wote tulijua kwamba simu ya Dar iko njiani.

Tukakaa kikao. Kocha wetu alikuwa mwalimu, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, asiyejua mambo ya milimani. Akauliza, "Tumpe nini huyu kijana ili abaki?"

Mmoja akasema tumnunulie viatu. Tukaangaliana, tukacheka, maana viatu vya mguu ule vingehitaji mchango wa wilaya.

Ndipo mimi nikasema, "Hatuna fedha, tuna mikono. Twende tukamlimie mama yake. Tuupige msaragambo."

Kwa asiyejua, msaragambo ni ile kazi ya wote huku Upareni. Watu wanaitwa, kila nyumba inatoa mtu, mnazibua mfereji, mnatengeneza barabara. Huulizi utalipwa nini, kwa sababu malipo yake yanajulikana: leo umekuja, kesho nawe utajiwa, na aliyejiwa hana ruhusa ya kukosekana akiitwa. Ni kazi ya kijiji, si ya shamba la mtu mmoja. Mimi niliupindisha ukaingia kwenye shamba la mama wa watu.

"Kumbe watu wa milimani mna moyo hivi!" kocha akasema, karibu machozi yamtoke.

Nikapokea sifa.

Tulipanda Mamba na Fuso lililokuwa linaenda kuchukua tangawizi, tumejazana nyuma na majembe, tunaimba. Msafara wa warefu watupu! Majirani walitoka kutazama. Mzee mmoja alisimama njiani akauliza, "Nyie vijana, mmekuja kulima au kuchuma parachichi bila ngazi?"

"Kulima, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya lakini mjikunje, ardhi iko huku chini."

Alisema kweli. Wachezaji wetu wa mjini walishika jembe kama kipaza sauti. Baada ya muda mfupi viuno viligoma, na kocha alikuwa amelala chali kwenye tuta akitazama mawingu kama mtu anayesubiri kuitwa mbinguni. Lakini tulilima. Tulitengeneza matuta upya na kupalilia mpaka kwenye mpaka wa chini. Yule mama, mfupi kuliko jembe lake, sijui kijana alitolea wapi urefu, alikuwa anatembea katikati yetu na birika la chai, anacheka peke yake.

Tukala makande yake tumekaa ukingoni mwa shamba. Akasimama mbele yetu, akaifuta mikono kwenye kanga.

"Sasa wanangu, nyie nitawalipa nini?"

Kila mtu akasema hapana mama, usijali, ni mapenzi tu. Na mimi, mdomo wangu huu ambao haujawahi kukaa na njaa, nikasema, "Wewe tuachie tu huyu kijana, mama. Basi."

Wenzangu waliangua kicheko. Kijana mwenyewe alikuwa mtoni anachota maji. Mama hakucheka. Alinitazama sana, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Haya," alisema. "Nimesikia."

Kocha angeweza kudhani ule ni utani uliopita kama utani mwingine. Mimi siwezi kujificha hapo. Nimezaliwa milima miwili kutoka pale. Bibi yangu alilimiwa na watu mwaka alioumwa, na tangu hapo hakuwahi kukosa mwito hata siku ya mvua ya mawe. Nilijua mama yule amesikia nini, na nilipanda Fuso kurudi mjini nikiimba.

Msimu huo tulikuwa simba. Tulipanda kulima mara kadhaa, na kijana hakukosa mechi tena. Tulizifunga timu ambazo zamani zilikuwa zinakuja kwetu kama matembezi. Watu walinisimamisha sokoni: "Katibu, una akili wewe! Umembana vipi?" Nikajibu kwa kicheko, ni siri ya kambi.

Simu ya Dar ikaja. Kijana alinifuata karakana, akasubiri nizime mashine, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umekuja kama mtu wa msiba?"

"Wananiita Dar kwenye majaribio. Wana chumba cha kulala na wamesema nikifaulu watanipeleka chuo. Wananitaka kabla mwezi haujaisha."

"Sasa si habari njema hiyo?"

"Mama amekataa. Anasema watu hawalimi bure. Anasema nikiondoka, yeye atapita wapi pale kijijini." Akaizungusha ile kofia mkononi. "Nimemwambia timu haijasema kitu, hasikii. Nimefikiri, wewe ni mkubwa wetu, ukienda wewe ukamwambia, atakuelewa."

Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuja kwangu kama mtu anayekuja kwa mwenye ufunguo. Na kweli ufunguo ninao, neno moja tu, naweza kulisema kwa simu saa ileile. Lakini Jumamosi tulikuwa na Moshi.

"Nitakwenda," nikamwambia. "Tucheze kwanza hii ya Moshi, halafu nitakwenda."

"Asante sana, kaka."

Alinishukuru! Nilivaa tena ile miwani nyeusi ya kuchomelea kabla hajaondoka, na mashine hata sijaiwasha.

Ile Jumamosi alicheza kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Moshi walimkaba wawili, wakamkaba watatu, nafikiri hata dereva wa basi lao alishuka kumkaba. Tuliwafunga. Mji mzima uliingia uwanjani, wakambeba juu juu, na kutoka kule juu alinitafuta kwa macho akaninyooshea dole gumba. Nikamrudishia. Nimeshangilia mengi maishani mwangu, hata mambo yasiyostahili, lakini ule ushindi ulikaa kooni kama makande mabichi. Makande ya siku hiyo mke wangu aliyapika mwenyewe akayala mwenyewe, mimi nikasema naumwa.

Jumapili baada ya ibada nikapanda Mamba. Nilimkuta mama nje, anachambua tangawizi.

"Mama, kijana aende," nikasema. "Hatumdai. Hata wewe hatukudai."

"Si wewe uliyesema niwaachie?"

"Nilisema mimi, mama. Ilikuwa mzaha."

"Mlilima kwa mzaha?" Alisema bila ukali, na bila kuacha kuchambua. "Wewe ni mtoto wa huku. Walilima wengi. Mmoja anaweza kumwachia mtu kilicho cha wengi?"

Hakuna shule ya jioni inayofundisha jibu la hapo. Nikashuka, nikaita timu, nikawaambia kwamba mama amehesabu kulima kwetu kuwa deni, na kwamba bila sisi wote kupanda na kumwachia, kijana haendi. Lile neno langu la 'tuachie huyu kijana' sikulitaja. Hawakulikumbuka, na mimi sikuwakumbusha.

"Yaani kulima kule?" kocha alishangaa. "Si ilikuwa zawadi?"

"Aende ili arudi kutufunga?" akauliza mchezaji wetu wa ulinzi, mtu wa kusema anachofikiri. "Tumejikunja migongo bure?"

"Ukimzuia," nikamjibu, "utacheza naye, lakini utamtazama usoni?" Niliyasema haya kwa sauti nzito, kama mtu mwema. Aibu yake naijua mwenyewe.

Tulipanda. Safari hiyo hakuna aliyeimba. Mama alitupanga mbele ya nyumba, na mmoja mmoja akasema, hata yule wa ulinzi, "Mama, mimi sidai." Alimsikiliza kila mtu hadi mwisho. Kisha akaingia nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, akarudi anaburuta viroba.

Ilikuwa tangawizi ya mbegu. Ile aliyoichagua na kuihifadhi kwa ajili ya kupanda mvua zikija, yenye macho mazuri ya kuchipua, nene kama vidole vya mtoto aliyeshiba. Akaanza kutugawia.

"Mama, hapana," kocha akaruka. "Hii ni mbegu yako!"

"Mwalimu, deni halifutwi kwa mdomo peke yake; kama hukupokea, hukuachia," mama akasema. "Pokea, mwanangu aende."

Kocha akanigeukia mimi, mtu wa huku, nimwambie la kufanya. Kijana naye alikuwa amesimama kando ya pikipiki, begi limefungwa tayari nyuma kwa kamba ya mpira. Mama alikuwa amenyoosha mikono miwili imejaa, ananisubiri. Nikatandaza koti langu nikapokea. Wengine wakafuata. Tulishuka mlima ule kila mtu na furushi lake, tumebeba mvua nzima ya mwaka ujao wa yule mama, na hapakuwa na namna ya kuirudisha bila kumfunga tena mtoto wake.

Kijana alifaulu. Hunipigia simu kutoka Dar, kelele za magari nyuma yake, ananiambia, "Kaka, bila wewe kuniombea kwa mama ningekuwa bado naendesha boda." Ananiita mfano wa kuigwa. Nacheka, namtania kuhusu viatu vipya, naikata simu nikijifanya mtandao umesumbua. Timu yetu imerudi kwenye sufuria za moto. Tumefungwa na kila mtu isipokuwa waliokosa nauli ya kuja.

Mvua za kupanda zilipoanza sikuvumilia. Nikanunua mbegu soko la Myamba, kiroba kimoja kizuri, nikachukua jembe, nikaupanda mlima peke yangu asubuhi. Kipande kikubwa cha mteremko kilikuwa kitupu, matuta yetu yaleyale, majani yakianza kuota juu yake. Mama alinikuta nimesimama hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Nimeleta mbegu kidogo. Nimesema nikusaidie hapa kabla jua halijapanda."

Alilitazama jembe langu, kisha akanitazama mimi, kwa upole uleule wa siku ile ya makande.

"Mtoto wangu nilikuwa naye mmoja," alisema. "Safari hii utaniomba nini?"

Nikasema siombi kitu. Nikaapa. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, akalichukua jembe mkononi mwangu, akaliegemeza ukutani. Kiroba akakiweka pembeni yake. Kisha akanimiminia chai, nzito ya maziwa, isiyo na tangawizi, tukaongea habari za mvua na bei za sokoni mpaka kikombe kikaisha. Nilipoinuka kuaga, alinipa jembe langu na kiroba changu, kimoja mkono wa kulia, kimoja mkono wa kushoto, akanisindikiza mpaka njiani na kusimama hapo, mpaka alipohakikisha kwamba nashuka.