Ndoo ambayo Jeska hakuikunjia uso

Saa mbili asubuhi, Sikonge. Baiskeli tatu zimeegemezwa ukutani, kila moja na ndoo mbili za asali. Jeska Nahimana (36) anachovya kijiti, analamba, anatulia kidogo. Kisha anakunja uso.

"Moshi," anamwambia mwenye ndoo. "Wakati wa kurina uliwasha moto mkubwa mno, kaka."

Kando yake mzee Prosperi Maganga (61) anaisukuma ndoo ile pembeni. Yeye hajalamba.

Ukiwatazama utadhani wameaminiana tangu zamani. Wapi! Kwa miaka miwili Jeska alikuwa akimwangalia mzee huyu kwa jicho la pembeni.

Alitoka Ulyankulu, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku, akapata kibarua cha shilingi 8,000 kwa siku katika kituo hiki cha kupokea asali. Kazi yenyewe haina darasa. Unajifunza kwa aliyekutangulia. Aliyemtangulia ni Prosperi, mpokeaji mkuu, na Prosperi hakufundisha. Kila ndoo ilipofunguliwa alitamka neno moja tu: "Onja."

"Nikionja, ananikodolea macho. Nikimuuliza, mzee, ni nzuri? Hanijibu, anaandika," anasimulia Jeska. "Nikajua huyu ananitega. Anataka nikosee nifukuzwe, asipatikane wa kukalia kiti chake."

Hata shikamoo aliyompa kila asubuhi ikawa ya mdomoni tu.

Juni mwaka jana aliamua kumpima. Ililetwa ndoo iliyoshika moshi vibaya. Kipimo cha maji yaliyomo kwenye asali hakigundui moshi, wala macho hayauoni; ni kazi ya ulimi. Jeska alilamba, akauacha uso wake umetulia kama mtu anayekunywa maji. Prosperi akaipokea ndoo na kuimimina kwenye pipa.

"Nilingoja aonje mwenyewe. Hakuonja. Nilipaswa kusema palepale, nikanyamaza. Tena nilifurahi, nisikudanganye."

Wiki mbili baadaye mnunuzi alirudisha pipa zima, kilo mia tatu. Msimamizi wa kituo, Advera, akawaita wote wawili ofisini. Jeska aliingia akiwa amejiandaa kujitetea, lakini Prosperi alimtangulia kusema, kofia mkononi.

"Ulimi wangu ulikufa nilipougua, kabla huyu mama hajaja hapa. Sipati ladha wala harufu. Niliona aibu kusema. Miaka yote hii nimekuwa nikionja kwa uso wake. Yeye hana kosa, aliyepokea ni mimi."

Jeska hakukiri kwamba moshi aliuonja. Prosperi alivuliwa ukuu na malipo yake yakakatwa nusu.

Tangu siku hiyo mzee anafundisha kila anachokijua. Amemwonyesha asali iliyoiva inavyojikunja ikidondoka kutoka kwenye kijiti, na povu la pembeni linalofichua kwamba masega yalikatwa mabichi. Jeska naye humtajia ladha kwa sauti, ndoo baada ya ndoo.

Mwezi ujao Jeska atasailiwa kwa kiti kile cha mpokeaji mkuu. Advera anasema hamwoni mwingine wa kukikalia. Kinachomnyima raha ni maneno ya Prosperi mwenyewe, ambaye bado anaamini kwamba ndoo ile iliwapita kwa bahati mbaya.

"Huwa ananifariji," anasema Jeska. "Ananiambia, mama Aleksi, siku ile ulikuwa umechoka tu, usijilaumu. Nakosa pa kuuweka uso wangu."

Anapoulizwa kama haya yaandikwe, anamtazama mzee anayesuuza machujio upande wa pili wa uwanja.

"Andika," anasema. "Kumwambia nimejaribu mara nne, nimeshindwa. Yeye hununua gazeti lenu kila Jumapili akitoka misani. Asome, hata kama kiti kitanipita. Jumatatu nitawahi kufika, nimpe shikamoo. Akiitikia, nitakwenda kwenye usaili."