Nati Aliyoikaza Tormod

Gunnvor hakuwahi kulala chini ya trekta maisha yake yote, na siku alipolala aliona ni heri angeanza mapema, maana uzee na sakafu ya saruji havipatani. Banda lilikuwa na baridi. Mlima wa ng'ambo ya mto ulikuwa umeshakuwa mweupe kileleni, na kila mtu bondeni alijua kwamba theluji imo njiani kushuka.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la dizeli, la kukatia nyasi wakati wa joto na kusukumia theluji wakati wa baridi. Tormod, marehemu mumewe, alilinunua likiwa limeshachakaa mikononi mwa wengine, akalitunza kama mtoto. Tangu afariki, Gunnvor alikuwa akiliendesha tu. Kujaza dizeli alijua. Mengine yote yalikuwa ya Tormod, na Tormod hakuwa mtu wa kufundisha. Alikuwa mtu wa kusema "niachie".

Sasa oili ilikuwa nyeusi tititi, na mwishoni mwa baridi iliyopita trekta lilikohoa mpaka Gunnvor akalionea huruma. Mwanawe Stian, aliyekaa mjini Bergen, hakuzungusha maneno kwenye simu. Gari la manispaa huondoa theluji barabara kuu tu, njia ya kupandia nyumbani ni juu ya mwenye nyumba. Trekta likigoma siku ya theluji ya kwanza, alisema, mama anahamia mjini, kwenye ghorofa yenye lifti. Gunnvor akamhakikishia kwamba litawaka. Hapo Stian akauliza swali lililomkaa mama yake kichwani wiki nzima.

"Hata likiwaka, Mama. Huko una nani?"

Akajibu kwamba ameacha chungu motoni, akakata simu. Hakukuwa na chungu chochote motoni.

Alikuwa na nani, kweli? Kikombe kimoja, sahani moja, na redio. Siku hizi alikuwa ameanza kubishana na mtangazaji wa hali ya hewa, tena kwa sauti. Ng'ambo ya daraja aliishi Eilif, mgane, jirani wa karibu kuliko wote na rafiki wa Tormod tangu utotoni. Zamani mtu huyo hakuwa akikosekana nyumbani kwao. Tangu mazishi hakukanyaga tena. Gunnvor alijiambia kwamba aliyekuwa akifuatwa ni Tormod, si yeye, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Mbona yeye mwenyewe asimwendee Eilif? Aende kwa shughuli gani? Watu wa bonde lile ukiwaomba koti watakuvulia, lakini hawabishi mlango wa mtu bila shughuli. Shughuli ni kurudisha msumeno, au kuulizia kondoo aliyepotea. Kwenda tu kumtazama mtu usoni ni kumsumbua, na kwao hakuna aibu kubwa kuliko kusumbua. Hivyo wanaweza kukaa, moshi wa huyu unaonekana kwa yule, wakafa kwa upweke kwa adabu kabisa.

Basi akafanya kazi peke yake. Aliliwasha kwanza ili oili ipate moto na kulegea, akalizima, akafungua nati ya chini, oili ikashuka kwenye beseni. Akabadilisha filta, akamwaga oili mpya. Maji ya rejeta aliyatoa yakiwa na rangi ya kutu, akatia mapya yenye dawa ya kuzuia kuganda. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri hata akajikuta anaimba. Ikabaki oili ya gia. Akaingia tena uvunguni, akafungua, akaimwaga yote, akafunga. Kisha akasimama, akashika nati ya juu, nyuma ya kiti, pale pa kujazia.

Nati haikutikisika.

Anayeijua kazi hiyo huanza kufungua juu ndipo amwage chini. Gunnvor alilijua hilo wakati huo, akiwa na beseni limejaa na trekta tupu. Akaipaka nati mafuta, akaigonga nyundo, akavuta spana mpaka ikateleza na kumchuna vidole. Tormod alikuwa mtu wa kukaza. Alikaza mabomba ya jikoni, alikaza vifuniko vya mitungi ya jamu, na stoo bado kulikuwa na mtungi mmoja wa jamu ya matunda ya mlimani ambao Gunnvor hakuweza kuufungua tangu azikwe. Akaketi juu ya ndoo akalia. Vidole havikuwa vinauma kiasi hicho. Alilia kwa sababu trekta sasa lilikuwa bovu kuliko asubuhi, na aliyeliharibu ni yeye.

Alipokwisha kulia alivuka daraja. Angalau sasa shughuli alikuwa nayo. Eilif alifungua mlango, akautazama mkono wenye damu.

"Nimekuja kuazima bomba," Gunnvor akasema.

"Bomba la nini?"

"La kurefushia spana."

"Spana ya nini?"

"Eilif, unanipa au hunipi?"

Akavaa buti, akachukua bomba la chuma, akamfuata nyuma bila kusema kwamba anakuja. Bandani alitazama beseni, akatazama nati.

"Umemwaga kabla ya kufungua juu."

"Nimeshajionea mwenyewe, asante."

"Tormod naye alifanya hivihivi, mwaka wa kwanza. Alikuja kwangu amenuna kama ulivyonuna wewe."

Gunnvor akacheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu. Tormod hakuwahi kumwambia. Wakavalisha bomba kwenye spana, wakavuta wote wawili, nati ikalia, ikaachia. Gunnvor akaizungusha kwa vidole mpaka ikatoka.

"Aliyeikaza mwisho ni yeye," akasema.

Eilif aliifuta nati kwa kitambaa, muda mrefu kuliko nati ilivyohitaji.

"Nimefika getini kwako mara nyingi tu," akasema bila kuinua uso. "Sikuwa na shughuli. Nikarudi."

Hapo palikuwa pa kusema neno, na mtu mwingine yeyote duniani angelisema. Gunnvor alimwambia ashikilie vizuri faneli. Wakajaza oili, trekta likawaka, koleo la mbele la kusukumia theluji likapanda na kushuka. Eilif alifunga nati kwa kiasi, akasema hii hata Gunnvor ataiweza kuifungua. Alipokaribishwa kahawa akakataa, kama anavyokataa kila mtu wa kule mara ya kwanza, na Gunnvor, kwa kuogopa kumsumbua, hakumkaribisha mara ya pili.

Kesho yake akafanya upuuzi mkubwa zaidi. Alirudisha bomba. Alilisafisha likang'aa, akalipeleka, akakuta Eilif hayupo, akaliegemeza mlangoni, akaondoka na uaminifu wake. Shughuli ikaishia hapo. Siku zikapita, moshi wa huyu ukaonekana kwa yule. Jioni Gunnvor aliganda dirishani akitazama getini, na hakuja mtu.

Theluji ikashuka usiku mmoja. Asubuhi trekta liliwaka mara moja, bila kukohoa. Akampigia Stian, akamsogezea simu injini asikilize mlio wake. Stian alisikiliza, akasema haya, Mama, umeshinda. Lile swali lingine hakulirudia, na kutolirudia kwake kukamuuma Gunnvor kuliko kama angelirudia.

Kabla ya kutoka alipita stoo, akachukua mtungi wa jamu. Angekwenda kuomba afunguliwe, iwe ndiyo shughuli. Akakaa nao mkononi, akafikiria: na huu ukishafunguliwa? Akaurudisha mahali pake.

Akasukuma theluji mpaka getini. Nje ya geti, chini ya mti, aliona nyayo za mtu, mbichi, zimekuja, zimesimama, zimegeuka. Hakuzima injini. Alizifuata na koleo lake, akavuka daraja, akapanda mpaka kwenye ngazi za Eilif. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha.

"Limeharibika?" Eilif akauliza.

"Ni zima kabisa."

"Unahitaji bomba?"

"Sihitaji kitu." Gunnvor akavua kofia. "Sina shughuli yoyote, Eilif. Nimekuja tu."

Eilif akasimama mlangoni kama mtu aliyepewa kitu kizito asijue akiweke wapi. Kisha akasogea pembeni.

"Zima basi hilo trekta," akasema. "Unamaliza dizeli."