Mchumba wa Kitanda cha Dirishani

Epifania binti Telesphori, nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali yetu ya misheni upande wa Ushirombo, hakuwa mtu wa kuogopa kitu. Damu, nyoka, masista wakali, vyote alivicheka. Mimi Salvina nilifanya naye kazi miaka mingi, na kitu pekee nilichoona kikimnyima usingizi ni panya. Tena hata hawakuwa panya wa hapa kwetu, walikuwa wa Ulaya!

Mwaka 1984 tulimpokea Onesmo, mchimba dhahabu aliyeangukiwa na kifusi huko Geita akavunjika paja. Mwanzoni Epifania alikuwa akimchoma sindano za mofini kutuliza maumivu, na jamaa akawa anatabasamu kama bwana harusi. Alipopona hakukoma kuja. Kila Jumapili baada ya misa anaingia wodini, anaketi kwenye kile kitanda alicholazwa, cha dirishani, anafumba macho, anamngoja Epifania atoke zamu. Mwisho akatuma mshenga. Epifania alinifuata chumba cha kufulia akiimba, akanikumbatia pamoja na beseni langu la mashuka machafu. Alimpenda yule kijana, wala hakuficha.

Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, Daktari Ansgar akaleta umbea wake wa vitabuni. Huko Ulaya, alisema, wanamtia panya kwenye sanduku la vyumba viwili, kimoja kina mistari, kingine cheupe. Wanamchoma mofini kwenye kile cha mistari. Baadaye hawamchomi kitu, wanafungua tu mlango wa katikati, na panya anakwenda mwenyewe kukaa kwenye mistari, ametulia.

"Ni ubongo," alieleza, akichovya andazi. "Una vipokezi, tuseme ni viti. Mofini ikikaa kwenye vile viti, ubongo unajifunza kwamba hapa ndipo penye raha. Ukitanguliza dawa nyingine ikavikalia, mofini inakosa pa kukaa, na panya hajifunzi kukipenda chumba."

Epifania aliweka kikombe chini, akanivuta nje.

"Salvina, huyu hanipendi mimi. Anapenda sindano. Mimi ni mistari tu!"

Nilitamani kumpiga daktari kwa birika. Lakini Epifania alishatunga jaribio lake. Jumapili, Justa, nesi mwenzetu, angekaa wodini na gauni jeupe, anukie spiriti, ashike trei ya sindano. Yeye angekoroga uji jikoni nyuma ya wodi, mbele ya dirisha la kile kitanda, kanga kuukuu, masizi usoni. Onesmo achague.

"Akibaki wodini, posa yake irudi," alisema.

Jumapili mimi na Epifania tukachungulia dirishani kutoka jikoni. Onesmo akaja na gongo lake la kutembelea, akaenda moja kwa moja kitandani, akaketi, akafumba macho. Justa akapita na trei, akapita tena. Jamaa hasogei. Epifania alitupa mwiko, akaingia wodini na masizi yake, machozi yakimchora michirizi.

"Panya wewe!"

Wodi nzima iliamka. Ikabidi mimi na Justa tumweleze Onesmo habari yote, tukipokezana: sanduku, mistari, viti vya ubongoni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Epifania, mofini si ilikwisha mapema tu, umesahau? Mkaninig'inizia mawe mguuni, mkauvuta mfupa wiki na wiki, dawa hakuna. Nililia mpaka nikamwita marehemu bibi yangu. Kitanda hiki nakiogopa hadi leo. Nafumba macho nisikione kile chuma cha kuvutia mguu."

"Sasa unakikalia kwa nini?"

"Si wewe uliniagiza? Ulisema nisionekane kwenye nyumba ya manesi, masista watagomba, nikungoje hapa. Ningekuwa panya, ningekikimbia, saa hizi niko Runzewe huko!"

Epifania alishika mdomo. Kwa hofu yake, kweli alikuwa amesahau. Onesmo akamtazama, masizi, kanga na yote, uso umemchangamka.

"Na mimi angalau nilichomwa. Wewe kila Jumapili unajipaka poda, unachungulia geti tangu asubuhi. Wewe ulichomwa na nani?"

Wagonjwa walipiga vigelegele, wanaume wazima. Epifania akakaa sakafuni kwa kicheko.

"Mwambie mshenga wako arudi kesho kuchukua jibu," alisema alipopata pumzi. "Aende moja kwa moja kwa baba. Asingoje wodini."