Pakiti ya Uji Niliyoisifia

Mimi ni mkulima wa pamba, na pamba hainidanganyi. Msimu wa kuuza, sisi wa Dutwa hatuangalii juu ya gunia, juu kila mtu anapanga nyeupe. Unazamisha mkono mpaka kiwiko, unatoa ya katikati, na hapo ndipo fifi, ile pamba chafu, inamuumbua mwenyewe. Nimeumbua watu wazima kwa mkono huu, wengine ndugu zangu wa damu. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo: pakiti ndogo ya unga wa uji ilinishinda.

Mjukuu wangu niliachiwa na marehemu binti yangu. Alipotimiza mwaka na kidogo, kliniki walimpima, nukta yake kwenye kadi ikashuka chini ya rangi ya kijani. "Mayu," nesi akaniita mama kwa Kisukuma, "ikishuka tena tunamlaza." Nikaona kaburi la pili.

Dukani kulikuwa na unga wa lishe. Mbele kachorwa mtoto mnene anacheka, kazungukwa na samaki, yai na karanga, na maandishi makubwa: huongeza damu, huongeza kilo, huongeza akili. Nikanunua. Tena Jumapili baada ya ibada nikawasifia akina mama wa kwaya, nao wakanunua, maana wanaliamini jicho langu.

Uji asubuhi, uji jioni. Mtoto akazidi kuwa mwepesi mgongoni, mimi najifariji kwamba anarefuka. Siku moja nakung'uta pakiti iliyoisha, nikaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: mahindi, sukari, ladha ya karanga, rangi. Samaki hamna. Yai hamna. Hata karanga yenyewe hamna, ni harufu yake tu. Nilikuwa namlisha mjukuu wangu picha. Nikajitukana kwa Kisukuma, Kiswahili hakikunitosha.

Nikaenda dukani na pakiti yangu. "Mama, si wameandika lishe?" mwenye duka akajitetea.

"Na juu ya gunia la fifi huwa wanaweka pamba gani?" nikamuuliza. Na yeye analima pamba, jibu analijua.

Nyumbani nikakaanga karanga zangu, nikachambua dagaa mpaka mchanga wote ukatoka, nikasaga na mahindi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Unga wangu hauna picha. Wiki tatu baadaye, kliniki, nukta ya mjukuu wangu ikapanda. Kidogo, lakini ilipanda.

Nageuka kwa furaha, kwenye benchi kakaa mwenzangu wa kwaya na mwanawe. Nukta ya mwanawe imeshuka. Kwenye mkoba wake pakiti ileile, mtoto mnene anacheka.

Nikaichukua, nikaigeuza, nikamsomea kwa sauti mbele ya akina mama wote, neno kwa neno. Nikasema ni mimi niliyemwambia anunue, na nilikosea, na yeyote atakayeniletea pakiti nitamsomea mgongo wake, mwenye duka akasirike, mwenye kiwanda akasirike.

Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu, "Ulijua lini?"

Nikamjibu ukweli. Wiki tatu. Wiki tatu niliona aibu kukiri kwamba jicho langu lilidanganywa, na mwanawe alikuwa anakunywa aibu yangu asubuhi na jioni.