Ukuta Niliomfungia Mke Wangu

Hasira yangu siifichi, na wa kwanza kunikasirisha ni mimi mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, lakini upumbavu huu hausababishwi na kukosa kusoma. Wenye vyeti nao wameufanya.

Hapa kwetu, nje kidogo ya Mlowo, nyumba zilizungushiwa minyaa. Utomvu wake unapofusha, mbuzi hasogei, ila ukisimama uani unamwona jirani anapepeta maharage. Ulinzi wetu ulikuwa hayo macho. Mgeni akikatiza anaulizwa, "Wa kwa nani wewe?"

Kikaja chuo, wanafunzi wakatafuta vyumba. Wa kwanza kufika kwangu alitazama huku na huku. "Shikamoo babu. Mbona hamna fensi?" Na minyaa iko mgongoni kwake! Marehemu baba aliipanda, na baba hakuwa mtu wa kupanda kitu bure. Hata mbwa wake alikuwa na jicho moja na kazi mbili, kulinda na kuwinda. Basi, nikaing'oa. Nikapandisha tofali kupita kichwa, juu nikachomeka vipande vya chupa, madirishani nondo, mbele geti la chuma. Simu zilipoibwa mtaa wa pili, nikaongeza kufuli kwa nje.

Siku moja asubuhi wanafunzi walikuwa darasani, nami naenda Mlowo kununua dawa ya kuhifadhia mahindi. Nikafunga kufuli, mke wangu yumo ndani. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wazee wa mtaa huu, tunafungia wake zetu kama magunia ya kahawa. Akaniuliza kwa ndani, "Na mimi nikitaka kutoka?"

Nikamjibu, "Utoke uende wapi?"

Mlowo nikamkuta rafiki wa zamani, stori zikatushika. Saa saba narudi kwa bodaboda, naona watu wamejaa, ukuta umetobolewa tundu la kupita mtu. Niliruka pikipiki haijasimama.

"Nani kavunja ukuta wangu?"

Jirani yangu, mama mshona nguo, akainua mkono uliofungwa kitenge, damu imepenya. "Mimi nilianza kuparamia, chupa zako zikanila. Ndipo wanaume wakaja na sururu, kufuli likawashinda, wakatoboa ukuta. Mkeo kaanguka akishusha maharage darini, nyonga imevunjika. Kaita tangu saa tatu, kelele ya cherehani yangu inafunika sauti yake. Zamani ningemwona kwa macho! Wewe unauliza tofali?"

"Mzee mzima," akadakia mwingine, "umejenga jela ukaondoka na ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mfukoni, pamoja na dawa ya mahindi.

Mke wangu sasa anatembea kwa mkongojo, na milima ya kwao Ileje hataipanda tena. Wiki iliyopita wanafunzi waliniletea fundi na saruji azibe tundu. "Babu, tutaibiwa." Nilimfukuza fundi na ndoo yake. Anayeogopa ahame! Wawili wamehama, waende. Miche ya minyaa nimeshaichomeka hapo penye tundu.

Geti bado lipo, kwa ajili ya mkokoteni. Ufunguo anao mke wangu, kaufunga kwenye pindo la kitenge. Juzi nilikuwa na mahindi ya kupeleka mashineni, nikamwomba anifungulie.

Alishika pindo la kitenge, akasema, "Utoke uende wapi?"